Pigeon ya Flutter: nimeitumia msimu mzima kwenye apu ya risiti za kakao, haya ndo maoni yangu

Wakuu habari. Hapa Mbeya baridi la mwezi wa saba linauma mpaka vidole vinakataa kubonyeza, ila hii niliwaahidi vijana kadhaa walioniuliza kwaiyo leo naimaliza. Naongelea Pigeon, ile pakeji ya timu ya Flutter wenyewe (Flutter ni zana ya kutengenezea apu za Android na iPhone kwa lugha moja, Dart) inayokuandikia kodi, yaani code, za kuunganisha Dart na upande wa simu, yaani Kotlin au Java kwa Android na Swift au Objective-C kwa iPhone. Windows na Linux pia inatoa, mimi huko sijafika. Ni bure, iko pub.dev, lile ghala la pakeji za Dart na Flutter, na ukishaishusha mara moja inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa bando zetu hizi nalihesabu kabisa kama sifa.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu iliyopungua nitaieleza huko chini maana ndo sehemu ambayo wengi wanaoisifia hawaisemi, alafu mtu anaiweka akidhani imemaliza kila kitu.

Tuko watatu, tunafanyia kazi Soweto hapa mjini, na apu yetu kubwa ni ya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kakao Kyela. Karani anapima mzigo, apu inasoma mizani kwa Bluetooth, inapiga hesabu na makato, inatoa risiti kwenye kile kiprinta kidogo cha mkononi. Makarani wana Tecno na Infinix, kwaiyo tulianza na Android peke yake na mambo yakaenda. Baadae katibu wa chama ambaye ana iPhone akataka na yeye awe nayo, ni haki yake, ndo anasaini. Hapo ndo tukaanza kuandika plagini (kipande cha kuunganisha apu na vifaa) yetu wenyewe ya pande mbili, maana zile za bure tulizojaribu zilikuwa nzuri Android na nusunusu iPhone, au kinyume chake.

Kwa ambaye hajawahi: Flutter yenyewe haiongei na printa wala mizani. Inabidi uandike kipande cha Kotlin na kipande cha Swift, alafu Dart ivipigie simu kupitia chaneli. Njia ya kawaida ni MethodChannel, unatuma jina la kazi kama maandishi, mfano "chapisha", pamoja na ramani ya data yenye funguo ambazo nazo ni maandishi. Hakuna anayekagua hayo maandishi. Ukikosea herufi moja kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa apu) inakaa kimya, apu inajengeka, unaipeleka kwa watu, na kosa unaliona siku mtu amebonyeza. Sisi lilitupata mapema tu, mwenzangu alibadilisha ufunguo "jumla" ukawa "jumlaKuu" kwenye Dart na Kotlin, Swift akaisahau, na kwa kuwa kule kwenye Swift tulikuwa tumeandika kwamba kitu kikikosekana iweke sifuri, basi iPhone ya katibu ikatoa risiti za jumla sifuri siku mbili nzima. Mkulima ameshika karatasi inayosema kilo 46 na malipo 0.00. Mtu amepalilia, amevuna, amechachusha, ameanika, alafu unampa karatasi ile. Niliumia sana.

Lakini iliyonifanya niende Pigeon ni nyingine, na hii nataka niieleze taratibu kwa sababu najua kuna apu nyingi hapa nchini zina kosa hilihili sasa hivi na wenyewe hawajui.

Ilikuwa siku ya malipo baada ya mnada. Nilitoka Mbeya na kosta ya alfajiri, Uyole baridi, Tukuyu ukungu na manyunyu, unashuka mpaka Kyela unavua sweta. Asubuhi yote risiti za mkulima mmojammoja zinatoka vizuri. Jioni karani, mama mtu mzima ambaye huniita mwanangu, akabonyeza kufunga siku ili itoke karatasi ya jumla, apu ikamwambia "Printa haijaunganishwa". Akazima printa akawasha. Akaichaji kidogo akarudia. Akaniita, "Mwanangu njoo, hii imegoma." Nikaunganisha upya, nikatoa tena risiti ya mkulima wa mwisho, ikatoka safi. Nikabonyeza jumla, "Printa haijaunganishwa". Wakulima wako kwenye benchi wanatuangalia, chama hakitoi hela mpaka karatasi ya jumla isainiwe, na pale kwenye benchi kuna watu wa mbali wanawaza usafiri wa kurudi na giza linaingia. Tumehangaika zaidi ya saa nzima mpaka katibu akafika, akajaribu kwenye iPhone yake, printa ileile, data ileile, karatasi ikatoka mara moja. Yule mama akamwambia katibu "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akaanza kuita majina.

Usiku nikiwa nyumba ya wageni nikachomeka simu ya karani kwenye laptopu nikasoma logi, na mstari ulikuwa huu: java.lang.Long cannot be cast to java.lang.Integer. Nikakaa nao muda mrefu.

Kilichotokea ni hiki. Hela zote tunatunza kwa senti ili makato ya kwa kilo yasilete mikorogo ya nukta. Jumla ya siku ile ilikuwa shilingi 23,860,500, kwaiyo senti 2,386,050,000. Int ya Kotlin mwisho wake ni 2,147,483,647, ambayo kwa hesabu yetu ya senti ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Sasa chaneli ya kawaida ya Flutter, namba ya Dart ikienea kwenye biti 32 inaifikisha Android kama Integer, isipoenea inaifikisha kama Long. Namba ya sehemu ileile, ufunguo uleule, ila aina inabadilika kutegemea na ukubwa! Kodi yetu ya Kotlin ilikuwa inadai Int. Risiti ya mkulima mmoja haifiki milioni ishirini na moja kwaiyo siku zote ilipita, na majaribio yetu ya ofisini tulikuwa tunaandika elfu tano, elfu kumi, yanapita. Kwenye iPhone Int ya Swift ni biti 64 ndo maana katibu hakuona shida yoyote. Na yale maneno ya printa haijaunganishwa tuliandika sisi, tulikuwa na catch (sehemu ya kodi inayodaka makosa) moja inayochukulia kila kosa linalotoka chini ni la printa. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza, lilikuwa linasubiri chama kipate siku nzuri.

Unaweza kusema si ungeandika Long tu, ila Long peke yake ingegoma kwenye namba ndogo, kwaiyo usiku uleule nikaibadilisha kuwa Number (inayobeba Integer na Long zote) alafu naigeuza kuwa Long. Ila nikajiuliza ziko ngapi nyingine. Plagini ilikuwa na kazi kumi na tisa na kila moja ina funguo zake, zimeandikwa mara tatu kwa lugha tatu na watu watatu, na kinachozishikanisha ni kumbukumbu zetu tu.

Sasa Pigeon inavyofanya. Unaandika faili moja la Dart, sisi tumeliweka kwenye foda ya pigeons, ndani yake unataja data zako na kazi zako bila kuziandikia mwili. Hiki ni kipande cha la kwetu nimekifupisha:

import 'package:pigeon/pigeon.dart';

enum MatokeoPrinta { imetoka, karatasiImeisha, haijaunganishwa }

class Risiti {
  Risiti({required this.jina, required this.jumlaSenti, this.maelezo});
  String jina;
  int jumlaSenti;
  String? maelezo;
}

@HostApi()
abstract class PrintaApi {
  @async
  MatokeoPrinta chapisha(Risiti risiti);
}

Alafu, ukishataja kwenye @ConfigurePigeon mafaili yatoke wapi, unaendesha dart run pigeon --input pigeons/printa.dart, na inakutolea faili la Dart, la Kotlin na la Swift, kila moja juu limeandikwa usiliguse kwa mkono. Kwenye Kotlin unapata Risiti halisi yenye jumlaSenti ya Long, siku zote Long, iwe senti mbili au bilioni mbili. Kwenye Swift ni Int64 siku zote. maelezo ina alama ya kuulizia kwaiyo Kotlin na Swift zote zinajua inaweza isiwepo na zinakulazimisha uamue utafanya nini ikikosekana, na jumlaSenti haina, kwaiyo ile sifuri ya kimyakimya haina pa kupita tena. Alafu kazi yako wewe ni kuandika darasa la Kotlin na la Swift linalotimiza PrintaApi. Ukisahau kazi moja, haijengeki. Ukibadilisha jina kwenye faili la mkataba, yaani lile la foda ya pigeons, ukatengeneza upya alafu ukasahau Swift, Xcode inakataa palepale na inakutajia kitu gani kimekosekana.

Kuhamisha zile kazi kumi na tisa kulituchukua wiki moja na kitu, tukiwa na kazi nyingine. Kompaila ilituonyesha sehemu nne ambazo Kotlin na Swift zilikuwa hazikubaliani na hakuna aliyewahi kulalamika. Mojawapo uzito ulikuwa unaenda kama namba yenye nukta Android na kama maandishi iPhone, na Swift ilikuwa inayageuza kwa mipangilio ya lugha ya simu, kwaiyo siku simu ingewekwa lugha ambayo nukta yake ya desimali ni mkato, kilo zingeharibika. Hiyo peke yake kwangu ilitosha.

Kitu kingine nilichokipenda ni ile enum, yaani orodha ya majibu yaliyotajwa majina tangu mwanzo. Kwa chaneli za zamani makosa unayatuma kama maneno, Kotlin inasema "NO_PAPER", Swift inasema "paper_out", Dart inabaki kubahatisha. Pigeon nayo inakuruhusu kurusha makosa, kwenye Kotlin kuna FlutterError na kwenye Swift PigeonError, vyote vinafika Dart kama PlatformException, ila lile neno la kosa bado ni maandishi unayoyatunga mwenyewe pande mbili, kwaiyo ugonjwa uleule unarudi kupitia dirishani. Ushauri wangu kwa nguvu zote: mambo unayoyategemea yatokee, karatasi kuisha, printa kuzimwa, betri ndogo, yarudishe kama enum. Kosa la kurusha liache kwa yale usiyoyategemea. Leo karani karatasi ikiisha anaambiwa karatasi imeisha, Tecno na iPhone maneno yaleyale.

Haya, ile nusu nyota.

La kwanza, Pigeon inahakikisha pande mbili zinapeana data ya umbo moja, lakini zinachofanya na hiyo data haijui. Tulikuwa na sehemu imeandikwa anwaniMac, tunahifadhi anwani ya printa kwenye seva ili karani akibadilisha simu asianze kutafuta upya. Android inakupa anwani ya MAC ya kifaa (namba yake ya utambulisho), sawa. iPhone haikupi, inakupa kitambulisho chake yenyewe ambacho kwenye simu nyingine kinakuwa tofauti. Vyote ni String, yaani maandishi, Pigeon ikabeba vyote bila neno, na tukawa tunahifadhi kwenye seva kitambulisho cha iPhone ambacho simu nyingine haikitambui. Ilibidi tukae tukubaliane kwamba simu inahifadhi chake chenyewe na seva inatunza namba ya chama iliyobandikwa kwenye printa. Hakuna pakeji itakayokufanyia hilo. Vilevile printa yetu Android tunaongea nayo kwa Bluetooth ya zamani na iPhone kwa BLE (Bluetooth mpya inayotumia umeme kidogo), maana iPhone haikuachii ile ya zamani kwa kifaa ambacho hakijapitishwa na Apple, kwaiyo ukinunua printa Mwanjelwa ya kutumia pande zote hakikisha ina BLE, muuzaji akisema ina Bluetooth usiridhike.

La pili ni nyuzi, yaani threads, njia mbalimbali ambazo kodi inakimbia kwa wakati mmoja. Mizani inatuma uzito wenyewe muda wote, kwaiyo Kotlin ndo inapigia Dart, hiyo kwenye Pigeon ni @FlutterApi. Tulikuwa tunasoma Bluetooth kwenye uzi wa pembeni na kupiga Dart hapohapo, Android ikaanguka ikidai lazima iwe uzi mkuu, wakati iPhone ilikuwa inakwenda tu kwa sababu CoreBluetooth usipoipa foleni yako inaleta majibu kwenye foleni kuu. Tukaipitisha kwenye Handler ya Looper kuu, yaani tukairudisha kwenye uzi mkuu wa Android, ikatulia. Lakini mgeni wa mambo haya anaona kodi imetengenezwa na Pigeon, anaamini, na ukitizama Kotlin na Swift kwa macho zinafanana kabisa.

La tatu, ukiongeza sehemu mpya kwenye Risiti hakuna kinacholazimisha Kotlin na Swift kuitumia. Tuliongeza nambaYaMnada, Kotlin ikaichapisha, Swift ikaipokea ikakaa nayo, kompaila ikaridhika. Tuligundua kwa kuweka karatasi mbili mezani. Toka hapo kabla ya kutoa toleo tunatoa risiti ileile ya mfano kwenye simu zote mbili, ina jumla ya shilingi 98,765,432, jina refu na maelezo matupu, tunazilaza sambamba tunasoma mstari kwa mstari. Ni dakika tano na karatasi kidogo.

La nne ni la kwetu sisi wa mikoani zaidi. Pigeon inatengeneza faili la Swift hata kwenye laptopu ya Windows au Ubuntu, nzuri, ila kompaila ya kulikagua pamoja na kodi yako ya iPhone inahitaji Mac. Sisi tunayo moja, Mac mini ya mtumba, watatu tunaipokezana, na umeme ukikatika tunasubiri. Kwaiyo mwenzako anaweza kubadilisha mkataba Jumatatu, Android ikajengeka, na upande wa Swift mkaja kujua Alhamisi. Tumeweka utaratibu kwamba badiliko la faili la mkataba haliingii kwenye tawi kuu (kodi rasmi ya wote) mpaka limejengwa kwenye Mac. Linachelewesha, najua, vijana wananung'unika, lakini nimeshaona benchi la Kyela na sitaki kurudi pale.

Matoleo yake pia yanabadilika haraka, namba kubwa inapanda mara kwa mara na wakati mwingine ukiapdeti kodi yako ya Swift au Kotlin inahitaji kurekebishwa. Fungia toleo kwenye pubspec (faili linaloorodhesha pakeji zako), na ukipandisha tengeneza mafaili yote upya kwa pamoja, usije ukawa na Dart ya toleo moja na Kotlin ya jingine. Yale mafaili yaliyotengenezwa sisi tunayaweka kwenye git, tunaona nini kimebadilika kila mara. Na kama unataka apu yako iende wavuti, Pigeon haina huko, utaandika njia nyingine.

Kijana mmoja wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, aliyekuja kwetu field aliuliza kwa nini tusihamie Kotlin Multiplatform (kodi moja ya Kotlin kwa Android na iPhone) au kuita kodi za simu moja kwa moja kwa FFI, bila chaneli. Swali zuri. Kama hesabu zako nyingi ziko upande wa simu au timu yako yote ni ya Kotlin, iangalie Kotlin Multiplatform, imetangazwa kuwa tayari kwa kazi tangu Novemba 2023. Sisi apu yote ni Dart na kipande cha simu ni kidogo, Bluetooth na printa basi, kuhama kungekuwa kujenga nyumba upya kwa sababu ya dirisha moja. Na walio React Native nao wana Codegen yao yenye wazo karibu na hili, unaandika umbo mara moja inakutolea upande wa simu.

Kwa anayeanza leo: usihamishe kila kitu kwa mpigo. Anza na kazi inayobeba hela au uzito, iandikie mkataba, ijenge pande zote, alafu itumie namba kubwa kupita 2,147,483,647 kwenye Android halisi, hata kabla ya kugusa nyingine. Sisi imebaki chaneli moja ya zamani nje ya zile kumi na tisa, ya kusoma betri ya mizani, nayo mwenzangu anaihamisha wiki hii, Mac iko kwake mpaka Ijumaa.